Mfuniko Mmoja wa Kambi Nzima

Jumatatu, 4 Machi
Mwaka mmoja, miezi saba na siku tatu tangu niondoke nyumbani. Mgongo si wangu tena. Zege, kutwa. Jioni msimamizi wa kambi katuita jikoni, katuonyesha ukuta mweusi. Moto mara mbili ndani ya mwezi mmoja! Kasema nafasi ya likizo imebaki moja na waombaji ni wawili, mimi na Fundi Bomba. Jumamosi atatupima. Atakayejua kupika bila kutuunguza ndiye atakayekwenda. Mwanangu ameanza kutembea, nami sijamwona hata akitambaa. Likizo ni yangu!

Jumanne, 5 Machi
Nimebandika masharti jikoni. Usiache chungu motoni ukaondoka. Nguo mbali na jiko. Mafuta yakiwaka usimwagie maji: zima gesi, funika. Wino mwekundu, nionekane mtu wa maana. Nikiwa nakoleza herufi, maharage yangu yakaungua. Fundi Bomba akapita, akauliza mkaa huo nauza gunia zima au rejareja. Mshenzi.

Alhamisi, 7 Machi
Mama watoto kapiga simu. Nikamwambia likizo iko mfukoni. Akasema mfuko wangu anaujua, umetoboka.
Nimemchunguza Fundi Bomba akikaanga. Mpini kaugeuzia ndani, kitambaa kakiweka mbali, mfuniko uko karibu. Anajua! Lakini bila mfuniko je? Hapo akili ikanijia.

Ijumaa, 8 Machi
Mfuniko uko chini ya godoro langu. Kishikio chake kinanichoma mbavu. Navumilia.

Jumamosi, 9 Machi
Aibu! Msimamizi kaweka jiko uani, kamimina mafuta kidogo kikaangoni, kayaacha mpaka yakawaka. Kasema aliyeandika masharti atangulie. Mimi! Mkono ukaenda wenyewe kwenye ndoo ya maji. Kambi nzima ikapiga kelele: "Soma karatasi yako, bwana!" Nikatupa ndoo, nikakimbilia chumbani. Niliporudi na mfuniko, shuka imening'inia juu yake, Fundi Bomba alikuwa ameshazima gesi na kufunika kikaango kwa sinia. Sinia! Msimamizi akauliza kwa upole mfuniko wa kambi ulikuwa unaumwa nini hata ukalazwa. Nikasema niliuweka mahali salama. Seremala wa kambini alicheka mpaka akakaa chini.
Likizo kapewa Fundi Bomba. Baadaye kaja kuniuliza mwanangu anavaa kiatu namba ngapi, maana atapita kwetu. Sikujua. Nikamwonyesha kwa kiganja, kwa kukisia.

Jumapili, 10 Machi
Fundi Bomba kaondoka na viatu alivyomnunulia mwanangu. Nimekaa, nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: nilificha mfuniko peke yake. Likizo nyingine ni Juni, na mpinzani ni seremala. Masinia yote sita yako tayari juu ya dari. Nimemwambia mama watoto aniwekee chakula cha mchana, tarehe moja Juni, bila kukosa.