Kikohozi Kimoja, Shambulia

Jumatano, tarehe 6
Jumamosi ni mashindano ya vitara, mchezo wa kugusana kwa ncha za panga butu, wasichana chini ya miaka kumi na miwili. Binti yangu yumo. Binti wa daktari wa meno naye yumo. Daktari ameshanunua fremu ya picha ya ushindi! Leo mama mlezi, anayesimamia usalama wa watoto klabuni, katugawia kanuni: mzazi asifoke, asimwelekeze mtoto mchezoni, asivuke mstari wa njano. Nikatia sahihi mbio mbio. Hizo ni za wazazi wapiga kelele. Mimi natumia akili.

Alhamisi, tarehe 7
Nimesoma kurasa zote nne. Kukohoa hakujakatazwa! Kikohozi kimoja: shambulia. Viwili: rudi nyuma. Tumefanya mazoezi sebuleni kwa mwiko. Binti akaniambia anataka kucheza mwenyewe. Mke wangu akasema nimwache mtoto apumue. Hawajui michezo, hawa.

Jumamosi, tarehe 9
Balaa! Ukumbi vumbi tupu. Bibi mmoja nyuma yangu akakohoa mara kumi na moja mfululizo. Binti yangu mbele, nyuma, mbele, kama pazia kwenye upepo. Nikamgeukia bibi, nikamwambia anyamaze, ananiharibia mtoto. Kumbe mama mzazi wa refa! Nikaonyeshwa kadi. Mimi, mtazamaji! Mama mlezi akanishika kiwiko mpaka nje, akaniuliza kwa upole kama nataka dawa ya kikohozi au ya ukaidi.

Nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia dirishani. Bila mimi, binti kasawazisha: nne kwa nne, atakayegusa tena ndiye mshindi! Mara ncha ya kitara cha binti wa daktari ikamgusa ubavuni. Refa hakuona. Nikashangilia kimoyomoyo. Binti yangu akainua mkono.

“Amenigusa,” akasema.

Kashindwa! Ndoo ikateleza.

Jumapili, tarehe 10
Nyonga inauma. Lakini binti kapewa kikombe cha uungwana, kikubwa kuliko cha mshindi! Kalala nacho. Asubuhi kaniambia kwamba nilipotolewa nje ndipo alipoufurahia mchezo kwa mara ya kwanza. Nikatazama chai yangu mpaka ikapoa.

Kisha nikakumbuka: daktari hana kikombe cha uungwana!

Mwakani lazima tukitetee. Nimemwita binti sebuleni tufanye mazoezi ya kuinua mkono, hasa asipoguswa. Kajifungia chumbani.

Si kitu. Namfundishia mlangoni.