Tulikutana Kwenye Foleni ya Mbolea

Jumatatu, 7 Julai

Jumamosi ni sendofu ya Avelina wangu, kwao wanamuaga kabla ya harusi. Wilibrodi, mshereheshaji, amekuja na swali lake lile: mlikutanaje? Kila sendofu lazima aulize. Binamu yangu Flavian alipoulizwa mwezi uliopita alisimulia basi la Matai, mvua, koti moja watu wawili. Mashangazi walilia! Mpaka leo anatembea kifua mbele.

Mimi na Avelina tulikutana Mollo mwishoni mwa mwaka jana, kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku. Nilitoa sababu ndogo ya kifamilia ili nipite mbele. Avelina akanivuta sweta langu la njano, akanirudisha mkiani, watu wakishangilia. Hiyo ni hadithi ya kuwasimulia wakwe? Thubutu!

Nimemwandikia Wilibrodi nyingine. Maporomoko ya Kalambo, Jumatatu ya Pasaka mwaka jana. Avelina anateleza. Nestory, yaani mimi, anamdaka kiuno. Upinde wa mvua. Nimeisoma mara tatu, nimetokwa na machozi mwenyewe. Flavian atakoma.

Alhamisi, 10 Julai

Balaa! Wilibrodi amekwenda kujaribu spika uani kwa wakwe. Badala ya kuhesabu moja, mbili kama watu wengine, kasoma hadithi yangu. Yote! Mzee Felisian, baba yake Avelina, katekista, alikuwa anapukuchua mahindi. Nasikia aliweka gunzi chini, akauliza: kiuno cha nani?

Kumbe Pasaka ile binti aliaga anakwenda kwa shangazi yake, kijijini Mwazye. Sasa mzee anaamini alikuwa Kalambo na mwanaume. Sendofu imesimamishwa.

Avelina kapiga simu. Hakufoka, ndiyo maana niliogopa. Amesema Kalambo hajawahi kufika maishani, na nisipomletea baba yake shahidi wa foleni kufikia Jumamosi, nitafute mke huko huko kwenye maporomoko. Jamani, nampenda huyu msichana. Hata uji umenishinda.

Ijumaa, 11 Julai

Shahidi nimempata. Nyanda, mfugaji, ndiye niliyempita kwenye foleni. Nimewafuata ng'ombe wake kwa baiskeli kutwa nzima, upepo wa Julai unanichapa usoni. Alinicheka mpaka akakaa chini. Atakuja, ila kwa sharti nivae sweta lile lile.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi, mbele ya ukoo mzima. Shikamoo zangu ziliitikiwa kwa shingo upande. Nyanda alisimama akaeleza kwa raha kupita ilivyotakiwa. Foleni, kweli. Sweta, kweli. Kisha akaongeza kwamba nilipita mbele nikilia kuwa mke wangu yuko leba.

Mama yangu! Nilisahau kumwambia hilo aliache.

Mzee Felisian akauliza kama nina mke. Nikasema sina. Akauliza, na huyo wa leba? Nilijua nimekwisha.

Avelina akasimama. Nikadhani anavua pete. Akamweleza baba yake kwamba siku ile aliniuliza huyo mke anaitwa nani, nami kwa kubabaika nikasoma jina la kwanza nililoliona, kwenye karatasi ya usajili aliyoishika yeye mwenyewe. Nikajibu: Avelina. Akasema alinirudisha mkiani kwa uongo wangu, lakini alicheka njia nzima mpaka nyumbani, na kesho yake akanitafuta.

Mashangazi walilia! Mzee akasema vumbi limemwingia jichoni, akaagiza spika ziwashwe. Flavian alinuna mpaka kwenye keki.

Jumapili, 13 Julai

Wamelia, sawa. Lakini ni kwa hadithi ya foleni na sweta tu. Na ungekuwepo upinde wa mvua, wangezimia kabisa.

Baada ya misa Wilibrodi kaniuliza nilimposaje, eti atasimulia harusini. Ukweli ni kwamba ilikuwa jikoni kwao, nina kwikwi, Avelina kashika mwiko, na alikubali haraka ili ninywe maji. Hiyo ni hadithi ya kusimulia mbele ya padri?

Nimeshaanza kuandika. "Chui alikuwa amelala katikati ya njia..."