Uwanja wa Mpira Dirisha la Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi kanifukuza mbele ya televisheni. Amesema nyumba yake, tamthilia zake, na mashine yangu ya gemu nikaichezee kwa mjomba. Mjomba hana umeme. Nimeondoka kwa heshima, mashine na pedi yake ya kuchezea kwapani. Kisha nikawaza: kazini, dirisha la tatu la kuhudumia wateja, kuna skrini ya kompyuta isiyo na mwenyewe. Saa ya chakula makarani wote hutoka. Nani atajua? Naogopa sana. Ijumaa Bi Mkubwa, mkuu wetu, atathibitisha kazini karani mmoja tu: mimi au mwenzangu Nidhamu, yule anayepiga pasi hata leso.

Jumanne, 5 Machi
Mashine imeingia ofisini imefunikwa sweta. Balaa! Waya wangu una kichwa bapa. Tundu la skrini ni la kizamani, limejaa vishimo kama chujio. Nimesukuma. Nimebembeleza. Nidhamu karudi mapema, akauliza natafuta nini chini ya meza. Nimesema kalamu. Kanipa yake. Upole wa kuudhi.

Jumatano, 6 Machi
Fundi simu kanicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Amesema mwanangu, hata ukiapa, hauingii. Kaniuzia adapta ya kuunganisha bapa na vishimo. Saa ya chakula, picha imetokea! Majani ya uwanja, kijani kibichi! Ila kimya. Skrini haina spika. Mpira bila kelele ni watu wazima wanaotafuta funguo nyasini.

Alhamisi, 7 Machi
Adapta ina kitundu cha sauti. Chini ya kaunta, waya wa sauti unaning'inia bure. Nimeuchomeka. Kimya bado. Nimeshusha pazia la dirisha, nimecheza hivyo hivyo, nimefunga bao.

Shangwe! Lakini ya watu, tena ukumbini!

Kumbe waya ule ndio wa spika za kuwaitia wateja. Walikuwa wamekaa pale wakisubiri tufungue, wakisikiliza mechi nzima. Mzee mmoja kagonga kioo, anauliza nani kafunga. Mama mmoja anashikilia kwamba ile ilikuwa kuotea. Bi Mkubwa akaingia. Nimesema najaribu spika kwa manufaa ya umma. Kauchomoa waya kwa mkono wake, taratibu. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 8 Machi
Nidhamu kathibitishwa. Mimi nimeongezewa miezi ya majaribio, na mashine imefungiwa kabatini kwa Bi Mkubwa. Nidhamu kanipa leso. Ina mikunjo minne, yote imenyooka. Shangazi amesema sikio la kufa halisikii dawa. Nimekubali kwa dhati.

Jioni nimekwenda ofisini kwa Bi Mkubwa kuomba radhi. Kanishauri kwa kirefu. Nimesikia nusu. Nyuma yake kuna skrini mpya, pana kama meza. Tundu bapa. Spika zake yenyewe. Adapta haihitajiki kabisa! Na kabati liko chini yake papo hapo.

Jumatano ijayo Bi Mkubwa anasafiri. Funguo zinabaki kwa Nidhamu. Nitamwambia nimeangusha kalamu mle ndani.