Profesa Gidion na Jogoo wa Milioni Moja na Laki Sita

Kuanzia Tengeru hadi Olmotonyi hakuna anayeijua benki ya uwekezaji kama ninavyoijua mimi. Benki yenyewe nimeingia mara mbili tu maishani: mara ya kwanza kuulizia choo, mara ya pili kufuata mwavuli niliousahau mara ya kwanza. Lakini huyu mtaalamu ninayetaka kuwasimulia alinizidi kitu kimoja tu. Yeye alikuwa na tai.

Jina lake Gidion. Uprofesa alijipa mwenyewe, siku aliyonunua miwani. Kabla ya hapo alikuwa akiuza viwanja, na kosa la viwanja vyake lilikuwa moja, kwamba vilikuwa na wenyewe. Sasa alikuwa amepanga chumba Lemara, nyuma ya saluni, akawa anasubiri Mungu amwoneshe njia.

Njia akaoneshwa Ijumaa asubuhi kwenye kibanda cha supu. Meza ya pili alikaa Lemomo, mkulima na mfugaji kutoka juu ya Tengeru, ametoka kuuza fahali wawili, na badala ya kufurahi alikuwa akimlalamikia mama wa supu.

"Miaka mitatu!" alisema Lemomo. "Binti yangu Sinyati kapata chuo kikuu huko Morogoro, anataka kusomea mambo ya benki ya uwekezaji. Mkopo wa serikali kakosa. Milioni moja na nusu niitoe mimi kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nafasi inakwenda. Halafu nikae miaka mitatu nikimtazama anasoma! Mimi nitakula lini?"

Gidion aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake redioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Samahani kuingilia. Umesema uwekezaji? Ndiyo kazi yangu."

"Wewe?"

"Baba, kampuni ikitaka kununua kampuni mwenzake, nani anapima thamani? Sisi. Kiwanda kikitaka mabilioni, nani anawatafuta wenye pesa? Sisi. Ila si kazi ya kila mtu. Inataka hesabu. Inataka uchumi, na uhasibu, na majedwali ya kompyuta marefu kama barabara ya Moshi. Inataka ulimi wa kuongea na tajiri bila kutetemeka, na macho ya kukesha siku tatu."

Hapa nimtendee haki. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Aliyasoma kwenye simu, chini ya meza, wakati Lemomo akipenga kamasi. Uongo wake ulikuwa kwenye kalenda tu.

"Na hayo yote yanachukua muda gani?" aliuliza Lemomo.

"Kwao, miaka mitatu. Kwangu, wiki sita. Ada ni ileile milioni moja na nusu, ila miaka unarudishiwa. Wiki ya saba binti yuko Dubai."

Lemomo aliacha supu ikapoa. Mtu wa Arusha kuacha supu ikapoa, ujue kaingia mzima mzima.

Jumamosi jioni walifika Lemara watatu: Lemomo na bahasha, Sinyati na hasira, na mama mkwe wake Lemomo, Bibi Tabea, muuza ndizi wa soko la Tengeru, darasa la saba, miguu mibovu, masikio mazima.

"Baba, hakuna digrii ya wiki sita," alisema Sinyati. "Barua yangu ya chuo imeandika miaka mitatu. Nafasi yangu ikipotea haitarudi."

"Nyamaza. Huyu ni profesa."

"Profesa wa wapi?"

"Wa kimataifa," alijibu Gidion kwa upole. Hilo, nalo, ni jibu.

Lemomo akatoa bahasha. "Nikuwekee benki, profesa, au vipi?"

"Aa, benki wana makato. Nipe mkononi tu, baba."

Bahasha ikaingia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Bibi Tabea akaitazama ilivyozama. Mtu anafundisha benki, na benki yenyewe haitaki hata kuisogelea! Angepiga kelele, mkwewe angemwambia mama, umezeeka. Basi akatabasamu, na bibi wa sokoni akitabasamu kabla ya bei kutajwa, jishike mfuko.

"Profesa, una nafasi ngapi za wanafunzi?"

"Chache, bibi. Kwa nini?"

"Nakuhurumia tu. Huko usharikani kwetu kuna wazazi thelathini wana watoto waliomaliza kidato cha sita, wamekaa nyumbani wanahesabu mabati. Na kahawa mwaka huu imelipa. Lakini najua mtu mkubwa kama wewe huna muda wa kanisa la wakulima."

Gidion alipiga hesabu thelathini mara milioni moja na nusu. Hesabu hiyo, angalau, aliijua.

"Bibi," alisema, "mimi ni mtu wa ibada sana."

Jumapili akafika na koti lilelile, akatambulishwa kama mgeni, profesa wa benki wa wiki sita, akapigiwa makofi, akakaa karibu na Bibi Tabea. Baada ya ibada watu wakatoka uwanjani kwa ajili ya mnada. Kwetu asiye na pesa hutoa sadaka ya yai, au mkungu wa ndizi, au kuku, na vitu hivyo vinauzwa palepale nje ya kanisa. Siku hiyo mapato yote yalikuwa ya mfuko wa elimu. Mfuko huo ulikuwa na shilingi elfu kumi na nane, na kwenye faili lake barua ya kwanza kuomba msaada ilikuwa ya Sinyati.

Mzee wa kanisa Eliasi aliinua yai. Likapanda hadi elfu ishirini. Aliyeshinda, mama mmoja mwenye khanga ya njano, akasema kwa sauti, "Narudisha!" Watu wakashangilia, yai likapigwa mnada upya. Mkungu wa ndizi, vilevile. Ulinunuliwa, ukarudishwa, vigelegele.

Gidion hakuwahi kuona jambo zuri namna hiyo. Unataja bei kubwa, unarudisha kitu, unapigiwa makofi. Akamwinamia Bibi Tabea.

"Bibi, kwa hiyo akirudisha ndiyo basi?"

"Si unaona yai lile pale mezani?" alisema bibi.

Gidion hakuona pale pembeni, nyuma ya migomba, mama wa khanga ya njano akihesabu elfu ishirini zake kwenye bakuli. Kwetu anayerudisha ametoa mara mbili, pesa na kitu. Profesa alidhani anayerudisha amefuta deni.

Mzee Eliasi akainua jogoo mwekundu, mkali, anayemtazama kila mtu kama mdaiwa wake.

"Elfu kumi!"

"Elfu hamsini!" alisema Gidion, na wazazi thelathini wakageuka.

"Laki," alisema Bibi Tabea.

"Laki tatu!"

"Laki tano."

"Mama!" Lemomo alimnong'oneza. "Umepata wapi?"

"Nimeuza ng'ombe wangu jana," alisema bibi kwa sauti ya kusikika hadi altareni. "Endelea, Eliasi."

Profesa akinyamaza hapo, jogoo ni wa bibi, na bibi mfukoni alikuwa na elfu saba na pipi ya kikohozi. Lakini akamgeukia, akamwambia taratibu, "Basi profesa, hapa tumefika penye wakubwa. Usijilazimishe."

"Milioni!" alifoka Gidion.

"Na laki mbili."

"Na nusu!"

Ada ilikuwa imetimia, ikabaki nauli ya Morogoro. Bibi Tabea akavuta pumzi. "Milioni moja, laki tano na hamsini."

"Na laki sita!" Gidion alisimama, akatanua mikono. "Ndugu zangu, hivi ndivyo sisi wa benki ya uwekezaji tunavyopima thamani. Na jogoo huyu, NARUDISHA!"

Vigelegele vilipasua migomba. Akina mama walimvika mgolole. Gidion alikuwa bado akipunga mkono pale mzee Eliasi alipofika mbele yake na bakuli.

"Mungu akubariki, mgeni wetu. Sasa tupokee."

"Mpokee nini? Nimerudisha!"

"Jogoo umerudisha, tumemwona. Hii ni ya sadaka."

Gidion aliangalia geti. Kati yake na geti kulikuwa na kwaya nzima ya akina baba.

"Ah, bila shaka. Ila sikutembea na pesa taslimu. Kesho nitaagiza ofisi ya Dubai..."

"Anazo!" Lemomo aliruka juu, uso unang'aa kwa fahari ya kumjua mtu mkubwa. "Msimdharau profesa! Milioni moja na nusu nilimpa mwenyewe jana, ipo mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo!"

Bahasha ikatoka. Laki iliyobaki ilitoka mifuko ya suruali, nyingine kwa sarafu. Mchungaji Frederick akafungua faili, akasoma jina la kwanza, akamwomba Sinyati awasomee watu barua yake ya chuo. Sinyati akasoma: miaka mitatu, hesabu, uchumi, uhasibu, na mafunzo ya kazini juu yake.

Mzazi mmoja akainua mkono. "Profesa, mbona wewe umesema wiki sita?"

Lakini profesa alishapanda bodaboda. Kwa mkopo, nasikia.

Ada ya Sinyati ililipwa Jumatatu. Benki.

Jumanne mchungaji akaenda kwa Bibi Tabea, akanywa chai, akasifu chai, kisha akafika kwenye neno lake.

"Mama Tabea, nimewaza. Ulikuwa tayari kumtolea Bwana milioni moja na nusu ya ng'ombe wako. Jogoo hukumpata, kwa hiyo pesa ipo. Na paa la kanisa linavuja."

"Mchungaji, ningetoa kwa moyo mmoja," alisema bibi. "Lakini zimeshaondoka zote. Madeni. Dawa za miguu."

"Pole sana. Na ng'ombe umeuza."

"Nimeuza. Hata maziwa ya chai hii nimenunua."

Nyuma ya nyumba kitu kikalia mooo, kwa sauti ndefu na nzito, kama tarumbeta ya kwaya.

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Na huyo?"

"Huyo? Wa jirani."

"Mama Tabea," alisema mchungaji, "jirani yako ni mimi."