Maelezo ya Zana ya Turubai

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kwa jina la Mungu aliye juu, ajuaye siri za moyo. Salamu kwako, shajara, na kwa yeyote atakayekufungua bila idhini yangu.

Leo Baraza la Wazee wa usharika limenikabidhi kazi nzito. Mwalimu Benadeta ameunganisha roboti ya akili mnemba na namba ya simu ya usharika. Muumini huandika haja yake. Roboti husoma maelezo ya zana zake, huchagua inayofaa, hutenda. Zana ya kwanza ni ya kuazimisha turubai. Maelezo yake niyaandike mimi. Mimi! Jumamosi namuaga binti yangu Kokuberwa anayeolewa, na jirani yangu Polikarpi, kiongozi wa kwaya, analitaka turubai hilohilo siku hiyohiyo kwa kubariki nyumba yake. Maombi ya kuazima yanafunguliwa Alhamisi. Bwana hufungua njia.

Jumanne, 10 Juni
Benadeta amenishauri, kwa adabu, niandike kwa ufupi: zana inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, inahitaji taarifa gani. Nikamjibu kwamba Zaburi hazikuandikwa kwa ufupi. Akasema Zaburi ya mia na kumi na saba ina mistari miwili. Vijana!

Nimeandika: “Zana hii humhudumia mwenye heshima. Mwenye heshima hujulikana kwa salamu zake. Asiyesalimu asipewe.” Nani hapa Nyaishozi nzima anayenizidi heshima? Hakuna. Benadeta akaonya kwamba roboti haitanijua mimi, itajua nilichoandika tu. Akaomba tuijaribu kwanza. Nimekataa. Neno la mzee halijaribiwi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeiandikia roboti alfajiri: “Turubai. Jumamosi. Mzee Rwegoshora.” Roboti ikajibu kwamba inasubiri salamu. Inasubiri! Imezaliwa wiki iliyopita! Nikaifundisha kwamba kwetu mdogo ndiye huamkia. Ikajibu kwamba ombi langu halijatimiza maelezo ya zana. Maelezo yangu mwenyewe!

Mke wangu Sperancia akaninong'oneza: “Baba Kokuberwa, andika shikamoo tu, mtoto apate kivuli.” Siandiki. Shikamoo ni ya mkubwa.

Jioni, habari mbaya. Polikarpi ameiamkia roboti, ameiuliza habari za watoto, za ng'ombe na za migomba yake. Amepewa turubai. Tumekutana barabarani, akacheka: “Mzee, mimi hata jiwe ningeliamkia, mradi lina turubai.” Mtu asiye na haya!

Ijumaa, 13 Juni
Benadeta amekuja. Anasema nikikubali maelezo yana kosa, atayaandika upya na maombi yote yatasikilizwa tena kwa haki. Kukubali kosa? Nimemwambia kosa ni la roboti, haikulelewa. Kokuberwa akasema wageni kutoka Rubwera watakaa juani. Nikamkumbusha kwamba wana wa Israeli walikaa juani miaka arobaini. Akasema hawakuwa wamevaa suti.

Jumamosi, 14 Juni
Jua kali. Wageni wakahama na viti vyao kufuata vivuli vya migomba; mshenga akaishia jikoni, kati ya masufuria ya matoke. Saa nane Polikarpi, ibada yake imekwisha, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua: “Karibuni jamani, turubai lipo wazi!” Wakaenda. Wote! Na Sperancia. Na bibi harusi.

Binti yangu ameagwa uani kwa Polikarpi. Nimebaki nyumbani na viti vitupu hadi Kokuberwa alipokuja mwenyewe, akanishika mkono, akasema haondoki bila baraka yangu. Nikaenda. Nimembariki. Polikarpi akatangaza kwa kipaza sauti kwamba mgeni wetu mzee naye amefika. Mgeni!

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada Baraza limetangaza zana ya pili: kuazimisha masufuria makubwa. Nimesimama kujitolea kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Benadeta akainamisha kichwa, nadhani kwa sala.

Udhaifu wa maelezo ya kwanza nimeugundua: yalikuwa mafupi mno. Haya mapya yana kurasa tatu, na msingi wake ni huu: “Mwenye heshima hatoi salamu, huzipokea. Anayesalimu asipewe.” Hapo Polikarpi amekwisha. Kujaribu? Hakuna kujaribu.

Nawe usomaye, Mungu akubariki wewe na nyumba yako, ailinde migomba yako na mnyauko, na ng'ombe wako na kupe. Amina.