Sala Yangu, Kinywa cha Ndeti

Jumapili, 18 Januari 2026

Kamati ya ibada ya pamoja imekutana Kaloleni, hapa Voi. Makanisa manne, chupa moja ya chai. Jumapili ijayo tunaabudu pamoja, kisha tunachagua mwenyekiti mpya wa kamati. Huyo ni mimi! Miaka tisa napanga viti vya ibada hii na jina langu halijatajwa hata siku moja. Inaniuma.

Mama Immaculate wa Katoliki, mwenyekiti anayeondoka, ametukumbusha desturi: kila kanisa linaandika sala, lakini inasomwa na kanisa jingine. Tukaokota vikaratasi. Sala ya sisi Waanglikana, yaani yangu, imemwangukia Ndeti wa Pentekoste. Ndeti! Naye anautaka uenyekiti. Ana sauti ya kutikisa mabati.

Jumanne, 20 Januari

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Ukijisifu mwenyewe ni aibu. Ukisifiwa na mpinzani wako, mbele ya Mungu na makanisa manne, hiyo ni kampeni! Nimeandika: "Tunakushukuru kwa ndugu yetu Mwandawiro, mnyenyekevu asiyependa kutajwa." Na mengine. Mke wangu Wakesho amesoma, akauliza kama Mungu naye amejiandikisha kupiga kura. Nikaongeza mstari kuhusu hekima yangu.

Ijumaa, 23 Januari

Je, Ndeti akiruka mistari? Nimemwomba Mama Immaculate sala yangu ichapishwe nzima kwenye kijitabu, kiitikio kwa herufi nzito. Alikuwa na haraka, akaipeleka bila kuisoma. Nakala mia mbili. Nimezibeba mwenyewe kutoka mjini, jua la Voi likiniunguza utosi, nami naimba.

Jumapili, 25 Januari

Kanisa lilijaa hadi nje. Wakatoliki wakaimba wimbo wa Wapentekoste wamesimama wima. Wapentekoste wakaimba wa Wakatoliki wakirukaruka. Safi kabisa. Kisha Ndeti akasimama na kijitabu. Akasoma kimya. Akatabasamu. Akasema sala nzuri hivi ni haki ya mwenyewe, kwa hivyo anaomba desturi iwekwe kando, leo tu. Makofi! Nikapewa maikrofoni.

Kuruka mistari? Watu mia mbili walikuwa wananifuata kwa kidole. Nikamshukuru Mungu kwa unyenyekevu wangu. Wakaitikia, "Tunakushukuru, Bwana!" Nikamshukuru kwa hekima yangu. "Tunakushukuru, Bwana!" Nilipofika kwenye upole wangu, Mama Immaculate alikuwa amejifunika uso kwa kijitabu, mabega yanatetemeka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwenyekiti mpya: Ndeti. Mimi: viti, kwa kauli moja.

Jumatatu, 26 Januari

Ndeti amenipigia simu kunipa pole. Ameniomba mwakani niandike wimbo badala ya sala. Ni mtu mwema, nakiri, ingawa sipendi kukiri.

Kosa langu nimeliona. Sala inasomwa na mtu mmoja, naye anaweza kukataa. Wimbo unaimbwa na kanisa zima! Beti mbili ziko tayari. Jina langu nimeliweka kwenye kiitikio.