Mkuu wa Kitivo Azindua Ujifunzaji wa Kina

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa anayekaimu nafasi ya Makamu huyo, aliye likizo kwenye kibanda chake cha ziwani, wahadhiri waandamizi na wale ambao Mungu bado hajawajalia, wanafunzi wa uhandisi, na ninyi mliofuata harufu ya mikate ya mdalasini: itifaki imezingatiwa. (Mtu anakohoa.)

Mimi, Veikko Ylitalo, nasimama hapa nikiwa mnyenyekevu kuliko wakuu wote walionitangulia. Mtakumbuka kwamba mwaka jana nusu ya wanafunzi wapya walituaga, wakidai mihadhara yetu ni ya kulalia. Tukaunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikiwa bado inachagua rangi ya nembo, mhadhiri wetu wa mitambo, Bi. Riitta Kouvo, bila kibali chochote, akaburuta karakanani pampu mbovu ya bwawa la kuogelea na kuwaambia wanafunzi, “Imekufa hii. Niambieni imeuawa na nini.” Kisha akakaa zake kimya! (Kicheko nyuma.)

Naarifiwa kwamba kijana Onni Salmela, ambaye tangu aje hapa hakuna aliyewahi kumsikia sauti, alipiga kelele, “Toeni mikono, nimeiona! Panga zake za kusukumia maji zimeliwa!” Wakabishana, wakachora, wakakokotoa, hata supu ya njegere ya kila Alhamisi kantini wakaisahau. Nilipofika nikakuta sakafu imelowa. Nikachukua hatua stahiki: nikafunga karakana, na wazo lile nikalipandisha ngazi ya mkakati, nikaliita mradi wa Ujifunzaji wa Kina. (Sauti: “Si utufungulie tu, mzee!”) Hoja yako imepokelewa, kijana, na itachakatwa.

Onni naye alinifuata ofisini. “Mzee, tulibakiza kuiwasha tu.” Nikamwonyesha nembo. Aliitazama, akaondoka; siku hizi anaunda boti kwa mjomba wake. Hivyo takwimu zetu za ajira kwa vijana zimepanda, na wanakamati wameridhika kwa asilimia mia moja. (Makofi ya wanakamati.)

Nikisema “Ujifunzaji wa kina!” mnaitikia “Hadi chini!” Ujifunzaji wa kina! (Mwenyekiti anaitikia, peke yake.)

Namalizia kwa shukrani: kwa mpiga picha wa kijitabu cha kutangaza mradi, aliyetuazimia wanafunzi wachangamfu wa kupigwa picha kutoka chuo cha uuguzi, kwa Wizara, iliyoukubali mradi huu bila kuuliza swali hata moja, na zaidi kwa Bi. Riitta, aliyeahidi kwamba, kabla hajaacha kazi Ijumaa, atatueleza kwa ufupi mradi wenyewe unahusu nini. Asanteni.